Mkia wa Mshono

Chumba namba tisa, Ofisi ya Ukaguzi
4 Februari

Mdogo wangu Mashoto,

Jumapili nilipiga simu, mama akakupa uongee. Nikakuuliza mguu wako unaendeleaje, ukanijibu, "Bei ni ile ile, mama yangu, haipungui." Masikio yako yameliwa na mashine ya kukatia vyuma, na mimi sina nguvu ya kupiga kelele ofisini mpaka majirani wajue kwetu kuna mgonjwa wa mguu. Basi tuandikiane. Posta bado ipo.

Nina habari. Ile sheria imepita. Kuanzia sasa serikali ikinunua vitanda vya vituo vya afya, angalau asilimia arobaini ya kila kitanda iwe kazi iliyofanyika hapa nchini, yaani bomba, kupinda, kuchomelea, rangi. Asiyefikisha hapokelewi, hata akileta bei ya kutupa. Miaka kumi na sita nimekuwa mkaguzi wa kuhesabu mizigo ya watu wa mbali, kama imefika yote. Sasa nitakagua imetoka mikononi mwa nani. Mkutano ulipokwisha nilikwenda chooni nikalia. Usimwambie mama.

Unakumbuka baba alivyokuwa akitengeneza vitanda vya hospitali, wanafunzi sita karakanani, wewe na Fundi Kimya mkigombania barakoa moja. Halafu vikaja vile vya kontena kutoka nje, akamaliza maisha yake akichomelea mageti ya watu asiowajua. Sasa vinatakiwa vitanda elfu moja na mia mbili. Kimya ana mashine ya kupinda bomba, wewe una mkono. Unganeni muombe hiyo zabuni.

Mimi karatasi zenu sitazigusa. Nitatangaza kwamba wewe ni ndugu yangu, akague mwingine. Lakini ombeni.

Dada yako,
Rula


Karakana
21 Februari

Dada Rula,

Barua nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mama, nikaruka pale pa chooni, lakini akaniuliza kwa nini nimemeza mate. Kwa hiyo anajua. Anasema hata ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilia kwa mambo mazuri na kunyamaza kwa mabaya, na kwamba baba hakukosea kukuita Rula, maana hata mkate ulikuwa unaupima kabla ya kukata.

Kimya alikuja. Alikaa saa nzima akasema maneno kumi na mbili, niliyahesabu. Anataka tuombe pamoja. Tulichomelea vipande viwili vya bomba ili tuone kama bado tunalingana. Nikacheka, kwa sababu wote wawili, bila kuambiana, tulifanya kile cha baba: kabla hujainua fimbo ya kuchomelea, rudi nyuma hatua moja, ufunike shimo la mwisho, la sivyo mshono utapasuka kuanzia pale. Hatua hiyo ya kurudi huacha mkia kwenye mshono. Wake umelala kulia. Wangu kushoto, kama kawaida yangu. Baba alikuwa akipita na taa, anainama, anasema, "Huu wa Mashoto, huu wa Kimya," wala haulizi mtu.

Ila dada, kuna jambo. Kimya amesoma masharti. Tukishinda, malipo ya kwanza yanakuja miezi mitano baada ya kupeleka vitanda. Wewe una mshahara, miezi mitano kwako ni kalenda tu. Paa la chumba cha mama linavuja juu ya kitanda chake, tumemhamishia upande wa mlango, na upande wa mlango nao umeanza. Nimemwambia Kimya nitaona.

Usinune. Nimesema nitaona, sijasema hapana.

Mashoto


Chumba namba tisa
19 Mei

Mashoto,

Nimesubiri barua yako mpaka nimechoka. Zabuni imefungwa na matokeo yamebandikwa ukutani, kwa hiyo ninachosema si siri. Fundi Kimya aliomba peke yake. Ameshindwa. Waliandika kwamba uwezo wake ni mdogo, mafundi hawamtoshi. Mkono mmoja tu ulikosekana pale, na naujua ni wa nani. Imeniuma, sitakuficha.

Aliyeshinda ni yule tunayemwita Bwana Kontena, aliyeleta vile vitanda vilivyomwondolea baba kazi. Ndiyo, huyo huyo. Anasema ameacha kuleta vitanda vizima, amefungua karakana yake, ameajiri mafundi wa hapa. Labda mtu hubadilika. Mimi siamini mdomo, naamini msumeno. Kanuni yetu ni hii: katika kila vitanda mia tunachagua kimoja, tunakikata mguu, tunatazama ndani. Nje kila mtu anapaka rangi. Ndani ya bomba hakuna anayekumbuka kupaka.

Nimepangiwa mzigo huo mimi. Nitakata mwenyewe.

Kwa nini hukwenda na Kimya? Niambie tu. Sitapima jibu lako.

Rula


Karakana
2 Juni

Dada,

Nilipata kazi. Ni ya miezi kadhaa, mwenyewe analipa kila Jumamosi, na hapendi maneno mengi. Mama ameezekewa paa jipya, mvua ikinyesha anakaa chini yake akiisikiliza kama redio. Hayo ndiyo ya kusema.

Kimya tukikutana tunasalimiana.

Msumeno wenu unakata kila mia bila kukosa, au inategemea mkaguzi? Nauliza tu.

Mashoto


Chumba namba tisa
11 Agosti

Mashoto wangu, mwana wa baba yangu,

Leo nimekujua.

Nilifika kwenye ghala la Bwana Kontena asubuhi nikiwa na msumeno begani na sura ya kufukuza kuku. Vitanda vimepangwa safu kwa safu, vinanuka rangi mbichi. Nikapiga magoti chini ya cha kwanza, nikamulika tochi pale mguu unapoungana na fremu. Nikaona mkia. Umerudi nyuma hatua moja, umelala kushoto. Nikahamia cha pili, cha tatu. Cha nne kilikuwa cha mtu mwingine, hovyo hovyo. Cha tano kushoto. Nilipapasa kwa kidole kama kipofu. Kumbe ndiyo hiyo kazi usiyotaka kuisema, umeona haya kwa sababu ya Kimya. Mjinga wewe. Ungeniambia ningefurahi miezi miwili iliyopita.

Nilikaa pale sakafuni na mlinzi akaniuliza kama nimeishiwa nguvu. Nilikuwa namwona baba na taa yake.

Nimeandika asilimia sitini na mbili, kazi ya hapa nchini, nimetia sahihi. Na nikuambie siri, mara ya kwanza katika miaka kumi na sita nimeruka hatua ya ukaguzi, msumeno nimeuacha begani. Ilinipasa kukata kumi na viwili. Nilishika mguu wa kitanda cha kwanza, nikaona mkono wako pale, nikashindwa. Nimkate nani, mdogo wangu? Nilichotafuta ndani nilikuwa nimeshakiona nje.

Nilipaswa pia kuandika kwamba kuna mkono wa ndugu yangu humo. Lakini wewe si mzabuni, wewe ni fundi tu wa kibarua, nikajiambia haihusu.

Vitanda vimeanza kusambazwa leo. Mwambie mama kwamba watu watalala juu ya kazi ya nyumba yetu tena.

Dada yako mwenye furaha,
Rula


Karakana
20 Agosti

Dada,

Barua yako niliifungua nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Sijui nikushukuru vipi. Tangu uliponiandikia habari za msumeno sikuwa nikilala. Nilijua utakuja, nilijua utautambua mkia, na nilijua ukikata nimekwisha. Ukauona, ukauacha. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Umenifichia siri, na umejua hata namna ya kuandika ili barua ikisomwa na mtu isikudhuru. Ile ya baba na taa ilinitoa machozi ingawa najua uliiweka ya kuzugia.

Sitarudia tena. Kazi yenyewe imekwisha.

Mashoto


Chumba namba tisa
27 Agosti

Mashoto,

Nimekufichia nini?

Sikuzugia. Ile barua ilikuwa barua. Jibu haraka, na ujibu kwa maneno yaliyonyooka.

Rula


Chumba namba tisa
3 Septemba

Sikuweza kusubiri jibu lako. Nimekwenda kituo cha afya kilicho karibu, nimeomba kitanda kimoja ambacho hakina mgonjwa. Muuguzi alidhani nimechanganyikiwa. Nimekikata mguu mara mbili, sentimita nane chini ya mshono wako na nane juu yake.

Ndani kuna rangi. Rangi ya kiwandani, imepikwa, ya kijivu, imepakwa bomba likiwa zima. Na juu kidogo ya mshono wako kuna mshono mwingine, wa mashine, umenyooka kama uzi, ambao si wako wala wa mtu yeyote wa hapa. Kitanda hiki kilizaliwa kizima mahali pengine. Mtu amekikata, halafu amekiunga tena.

Nimekata na cha pili. Vivyo hivyo.

Nimerudi na vile vipande viwili vya bomba kwenye mkoba wangu, pamoja na kitana na miwani. Ninavitazama sasa hivi. Mkia wako ni mzuri, Mashoto. Hata kwenye uongo umeuweka vizuri.

R.


Karakana
15 Septemba

Dada Rula,

Barua zako zimefika pamoja. Nimeanza kuandika mara tano. Ya sita ndiyo hii.

Ni kweli. Vilikuja vizima, kwenye makontena, vimefungwa nailoni. Tulikuwa watano. Mmoja anakata miguu na kichwa, wanne tunaunga palepale palipokatwa, na vibarua wengine, nje ya sisi watano, wanapaka rangi upya. Tulikuwa tunajeruhi vitanda vizima kisha tunavitibu. Bwana Kontena alisema mkaguzi anatafuta makovu, basi tumpe makovu. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili sikucheka. Nilikuwa nimeshapokea.

Unauliza kwa nini sikwenda na Kimya. Niliogopa kusubiri. Hakuna jibu kubwa kuliko hilo. Paa lilikuwa kweli linavuja, lakini nisimsingizie mama, angeweza kulala kwangu hiyo miezi mitano, alinitolea mwenyewe wazo hilo. Nilizoea kupokea Jumamosi, dada. Fundi wa mageti hupokea Jumamosi.

Na ungeniuliza, mbona uliweka mkia wako, ungechomelea vibaya kama wale wengine usijulikane. Nilijaribu. Nakuapia nilijaribu kuinua fimbo bila kurudi nyuma, mshono ukabaki na lile shimo mwishoni, nikajua utapasuka. Na juu yake atalala mgonjwa. Mkono ukarudi wenyewe.

Ulipoandika kwamba umeniona na hukukata, nilielewa vile mwizi anavyoelewa. Nikafikiri na wewe umeingia. Naona aibu kwa hilo kuliko kwa vitanda. Miaka yote hiyo nakujua, Rula wa kupima mkate, halafu nikaamini haraka hivyo kwamba umepinda, kwa kuwa ilinifaa.

Kimya amefunga. Wafanyakazi wake kumi na mmoja wametawanyika. Mashine ya kupinda bomba aliiuza kwa kilo, kama chuma chakavu, nikaiona ikipita kwenye mkokoteni mbele ya karakana. Nilijifanya natafuta kitu chini ya meza.

Fanya unalotakiwa kufanya. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mashoto


Nyumbani
2 Novemba

Mdogo wangu,

Hii naiandikia nyumbani kwa sababu chumba namba tisa sina tena.

Nilipeleka vile vipande viwili vya bomba kwa mkubwa wangu, na maelezo ya kurasa nne. Niliandika kwamba sikukata hata kimoja kati ya kumi na viwili. Niliandika sababu. Ilikuwa ngumu kuandika neno "mapenzi" kwenye fomu ya serikali, nikaandika "mkaguzi alitambua mkono wa ndugu yake." Jina lako sikuliandika. Hilo nimekuachia wewe.

Wamenihamishia masjala. Napanga mafaili. Bwana Kontena amefungiwa miaka miwili, na wiki hiyohiyo shemeji yake amesajili kampuni. Hayo ningeyameza. Lililonikaa kooni ni hili: wakubwa wameketi na ile sheria imesimamishwa. Mmoja alisema mbele yangu, wala si mtu mbaya, "Tumejaribu kuwainua mafundi wetu, na wenyewe umeona walivyotufanyia." Nilitaka kusema yuko Fundi Kimya. Nilitaka kusema alikuwepo mmoja aliyeomba kwa haki akashindwa kwa sababu ndugu yangu hakwenda, na aliyemshinda angekamatwa siku ileile kama mimi ningekata mguu mmoja. Mmoja tu. Dakika sita za msumeno. Sikusema, maana ningekuwa najitetea kwa kutumia jina lake.

Mama anapenda kusema majuto ni mjukuu. Kwangu amekuja kama kifungua mimba.

Sikukasirikii kama unavyodhani. Wewe ulikata kisichofaa kukatwa, na mimi nikaacha kukata kilichofaa. Tumegawana sawa, kama mkate.

Usinijibu haraka.

Dada yako


Karakana
14 Januari

Dada,

Sikujibu haraka.

Nilikwenda kwa wachunguzi mwenyewe. Walinionyesha kipande cha bomba, wakaniuliza kama naijua kazi hiyo. Nikasema huo mkia ni wangu. Yule kijana akaandika, akaniuliza natumia mkono gani, nikachukua kalamu yake nikatia sahihi kwa kushoto. Kazi yoyote ya serikali siruhusiwi tena. Sawa.

Halafu nikaenda kwa Kimya. Nilimwambia yote, tangu makontena mpaka mkokoteni. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akainuka, akaniacha nyumbani kwake na mke wake ambaye hakujua anikaribishe au anifukuze. Wiki nzima kimya, na kwake hilo si ajabu, nikashindwa kujua ni kimya cha hasira au cha kawaida. Siku ya nane alifika karakanani na gunia la mchanga mgongoni. Akasema, "Mashine hatuna. Tupinde kwa moto."

Kama alivyofanya baba kabla hajawa na mashine: unajaza bomba mchanga mkavu, unaziba huku na huku, unalipasha moto mpaka liive, unalipinda taratibu na mchanga unalizuia lisibonyee. Siku kumi na moja, dada, kwa kitanda kimoja. Mama alikuwa anapita kututazama na kusema tungekuwa kuku tungekuwa tumeangua vifaranga. Kimya alicheka. Kwangu hajacheka bado, lakini kwa mama alicheka.

Hakuna aliyekiagiza. Zabuni hakuna. Kinakuja kwako kwa lori la mizigo, kimefungwa magunia. Magurudumu tumenunua, ni ya nje, nakuambia kabla hujayaona. Rangi ni ya hapa. Bomba lina muhuri wa kiwanda cha hapa nchini. Miguu miwili nimechomelea mimi, miwili Kimya.

Msumeno nimeufunga kwa kamba kwenye fremu. Usinipapase tena kwa kidole. Kata.

Mashoto


Nyumbani
1 Februari

Mashoto,

Kimefika Alhamisi. Wapagazi walitaka kujua nani anaumwa.

Nilikiweka sebuleni. Siku mbili nilikizunguka nikakinywea chai pembeni. Nilimulika tochi chini: miwili kushoto, miwili kulia. Nilikaa sakafuni kama siku ile, na niliyoyahisi siku ile yalirudi yote, yakanitisha. Nikafungua kamba.

Nilikata wako. Dakika sita, nilitazama saa. Ndani ni chuma kitupu, na mchanga kidogo ulimwagika kwenye zulia langu. Hakuna rangi, hakuna mshono wa pili. Nimeutazama mpaka macho yakauma. Kisha nikachukua karatasi nikapima kila kitu, magurudumu nikayatoa. Asilimia themanini na tatu. Nikaandika tarehe, nikatia sahihi. Nimetafuta fomu ya kuibandika, lakini sasa mafaili napanga mimi, na najua fomu hiyo haipo tena.

Mweleze Kimya hiyo themanini na tatu. Mwambie nimechelewa kumkagua, na kwamba najua nimechelewa.

Kitanda sasa kina miguu mitatu. Kona ya nne nimeiegemeza kwenye matofali, kinayumba ukikigusa. Nimekitunza kile kipande, kiko dirishani. Njoo na mashine yako ukiunge, na uje na Kimya kama atakubali. Nitasimama pembeni nishike taa.

Dada yako,
Rula